Meno ya Milimita Moja

Jumatatu vifaranga walikuwa arobaini na mmoja.
Jumanne, thelathini na watatu.
Jumatano sikuhesabu.
Nilizima pampu, nikafungua kichujio,
nikawakuta wamelala kwenye sifongo
kama mikato iliyopoteza sentensi zake.

Hapa Tampere duka la samaki lilifungwa mwaka juzi,
na ninachokitaka hakiuzwi popote:
kisanduku cha kuning'inia ukingoni mwa tangi,
chenye meno kama kitana,
mwanya wa milimita moja, usizidi,
maji yapite, roho isipite.
Nikakichora nyuma ya bili ya umeme
kwa rula ya mjukuu, ile yenye picha za farasi.

Maktaba ya mtaani kwetu huazima vitabu,
huazima na cherehani,
na juu, nyuma ya rafu za ramani, kuna leza.
Alhamisi, saa kumi na moja jioni:
Rajamäki, Aulikki, dakika arobaini.
Mbele yangu msichana alikuwa akikata hereni za umbo la uyoga,
kisha mzee akakata kibao chenye jina la mbwa aliyekufa.
Hakuna aliyeharakishwa.
Veikka, msimamizi, ana ndevu changa
na subira ya muuguzi wa zamu ya usiku.
Najua ninachokisema.

«Mwali nao hula,» akaniambia.
«Sehemu ya tano ya milimita kila unapopita.
Upe haki yake kwenye hesabu.»
Nikaupa.
Ukatembea juu ya akriliki bila kugusa kitu,
nukta ya mwanga, uzi wa moshi,
harufu kama ya kucha bandia zilizosahauliwa jikoni.
Nilipobandua karatasi ya juu
meno yalikuwa pale, sitini na manne,
maangavu hata nikayasoma kwa vidole.

Wahenga husema kata pua uunge wajihi.
Nilikata. Niliunga.
Asubuhi wajihi wote ulikuwa na nyufa,
nyembamba kama nywele za mtoto,
kila mahali gundi ilipogusa palipopita moto.

Veikka alikigeuza kwenye taa, hakucheka.
Akasema: ukingo uliokatwa kwa joto
hubaki na hasira ndani, huioni,
mpaka kitu kikali kiuguse.
Nyuzi themanini kwenye oveni, saa mbili.
Kisha zima, na usifungue mlango.
Usifungue hata kama unataka sana.

Nikatoa mikate ya mdalasini, nikaingiza vipande vipya.
Usiku kucha nililala na jiko lililofungwa,
nikifikiria watu niliowafungulia mlango mapema.

Gundi yenyewe ni nyepesi kuliko maji.
Huimwagi; unaigusisha kwenye kiungo
kwa ncha ya sindano, nayo hukimbia yenyewe
kama habari mbaya kwenye korido.
Miaka thelathini na mmoja wodini
nimedunga wachanga, walevi, mama yangu.
Sikuwahi kudunga nyumba.
Mkono haukusahau: pembe ileile, pumzi ileile,
na kile kineno nilichokuwa nikiwaambia wote,
kidogo tu, kidogo tu,
nikajisikia nakiambia plastiki.

Siku mbili kilikaa juu ya gazeti, kimejaa maji pomoni.
Ukurasa wa hoki ulibaki mkavu, kila jina la mfungaji linasomeka.

Jino la nne kutoka kushoto limepinda.
Sijui ni mimi au ni mwali.
Kifaranga mmoja huja pale kila nikiwasha taa,
hupima mwanya kwa pua yake, hufikiri,
hurudi zake kwenye majani.

Jumapili, ishirini na wawili.
Jumatatu, ishirini na wawili.
Jumanne, ishirini na wanne:
ama nilikosea kuhesabu,
ama wawili walikuwa wamejificha muda wote
wakingoja nimalize kelele zangu.